Mapitio ya maandiko: kwa nini sura ya pili hurudishwa, na namna ya kuiandika

Kalamu ya Mkoko (mleta uzi)

Wanajukwaa, nawasalimu. Kwa muda sasa nimekuwa nikisoma rasimu za sura ya pili za wanafunzi wa uzamili wanaotaka jicho la mtu mwingine kabla kazi haijafika kwa msimamizi, na karibu zote zina ugonjwa mmoja. Aya ya kwanza huanza kwa "Fulani (1990) anasema", ya pili kwa "Fulani (1997) naye anaeleza", ya tatu kwa "Fulani (2002) alichunguza", na mwendo huo huendelea kurasa thelathini hadi mwandishi anapotangaza kwamba hakuna aliyewahi kulichunguza jambo hili wilayani kwake, kisha sura inafungwa. Siwacheki, kwa sababu sura ya aina hii niliyoiandika mara ya kwanza ilikuwa vivyo hivyo. Ilikuwa na kurasa 41, nami nilijivunia wingi wa majina niliyoyapanga humo, lakini msimamizi aliirudisha ikiwa na swali moja tu, lililoandikwa kwa penseli pembeni mwa ukurasa wa kwanza: "Na wewe unasemaje?" Nilinuna wiki nzima kabla ya kutambua kwamba swali hilo ndilo lililokuwa somo lenyewe.

Sura hii ina majina mengi. Wapo wanaoiita mapitio ya maandiko, wengine mapitio ya machapisho au mapitio ya kazi tangulizi, na katika tasnifu nyingi za Kenya utakuta kichwa "Yaliyoandikwa kuhusu mada". Jina hilo la Kenya nalipenda kwa uwazi wake, ingawa lina mtego: humfanya mwanafunzi aamini kwamba ameagizwa kuripoti yaliyoandikwa. Kazi halisi ni kuonyesha maandiko hayo yanavyojibizana, yanakubaliana wapi, yanapingana wapi na kwa nini, na ni swali gani linabaki mezani baada ya wote kusema.

Nitatumia mfano mmoja ili tusielee hewani, nao ni mjadala wa lugha ya kufundishia katika shule za sekondari za Tanzania. Nimeuchagua kwa sababu ni wa muda mrefu, wengi wetu tumeuishi darasani, na ndani yake kuna jambo la ajabu ambalo mapitio ya orodha hayawezi kulionyesha.

Tazameni kwanza aya ya aina tunayoizoea:

"Mlama na Matteru (1978) walichunguza haja ya kutumia Kiswahili kufundishia katika elimu ya juu. Criper na Dodd (1984) walichunguza kiwango cha Kiingereza cha wanafunzi wa Tanzania. Roy-Campbell na Qorro (1997) waliandika kuhusu mgogoro wa lugha katika elimu ya Tanzania."

Kila sentensi hapo ni ya kweli, na aya nzima haina faida. Ukibadilisha mpangilio wa sentensi zake hakuna kitakachoharibika, na hicho ndicho kipimo ninachokitumia siku zote: aya ambayo sentensi zake zinaweza kuchanganywa kama karata bila kupoteza maana haijaandikwa bado.

Sasa tazameni hii:

"Tangu mwishoni mwa miaka ya 1970, tafiti zilizopima uwezo wa wanafunzi zinakubaliana kuhusu hali ilivyo na zinatofautiana kuhusu tiba yake. Mlama na Matteru (1978) walikuta kwamba uwezo mdogo wa Kiingereza unazuia kujifunza, wakapendekeza Kiswahili kitumike. Criper na Dodd (1984), waliowapima wanafunzi kuanzia shule ya msingi hadi chuo kikuu, walikuta kwamba ni takriban asilimia 10 tu ya wanafunzi wa kidato cha nne waliokuwa katika kiwango ambacho mtu angetarajia elimu kwa Kiingereza ndiyo ianze. Hata hivyo, walipendekeza Kiingereza kiendelee na ufundishaji wake uimarishwe. Kwa hiyo tofauti ya mapendekezo haielezwi na data, maana data zinaelekea upande mmoja. Inaelezwa na jinsi kila upande unavyoielewa kazi ya shule na ya lugha hizo mbili katika maisha ya Mtanzania."

Katika aya hii mwandishi amesema kitu. Amegundua kwamba matokeo na mapendekezo ya ripoti moja yanaweza kutazama pande mbili, na ugunduzi huo haumo katika ripoti yenyewe, umezaliwa na kuziweka kazi mbili ubavu kwa ubavu. Mtu anayesoma ikisiri peke yake, au hitimisho peke yake, hawezi kuliona jambo hilo hata kidogo.

Nitaendelea. Aliye na swali alilete.

Binti Lushoto

Shikamoo Mwalimu. Mimi niko mwaka wa pili wa uzamili wa elimu, na mada yangu inakaribiana mno na mfano wako: ninachunguza athari za kutumia Kiingereza kufundishia kwa ufaulu wa wanafunzi wa sekondari wilayani Lushoto. Nakiri kwamba aya yako ya kwanza, ile ya karata, ni kama umeitoa kwenye daftari langu. Nina maswali mawili. La kwanza, ni kazi ngapi zinatosha? La pili, pengo langu la utafiti nimeliandika hivi: "Tafiti nyingi zimefanyika Dar es Salaam, Morogoro na Kilimanjaro, lakini hakuna utafiti uliofanyika Lushoto." Msimamizi ameweka alama ya kuuliza mbele ya sentensi hiyo bila kueleza. Kosa liko wapi?

Kalamu ya Mkoko (mleta uzi)

Marahaba, binti yangu. Nianze na la pili kwa sababu ndilo lenye uzito.

Pengo la mahali si pengo mpaka ueleze mahali hapo pana nini kinachoweza kubadilisha jibu. Kama mwanafunzi wa kidato cha kwanza Lushoto anatatizika na Kiingereza kwa sababu zile zile zinazomtatiza mwenzake wa Morogoro, basi utafiti wako utarudia yanayojulikana, na mtahini ana haki ya kuuliza kwa nini Lushoto na siyo Kibondo. Wilaya ni ardhi, na pengo la utafiti ni swali. Tafuta kwanza kile ambacho maandiko yameshindwa kukieleza, halafu ujiulize kama Lushoto inakupa nafasi ya kukieleza.

Nakupa mfano wa pengo linalotokana na maandiko yenyewe. Tume ya Rais ya Elimu iliyoongozwa na Jackson Makweta ilitoa ripoti mwaka 1982, ikapendekeza Kiswahili kianze kutumika sekondari kuanzia 1985 na kifike chuo kikuu ifikapo 1992. Pendekezo hilo halikutekelezwa. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 1995 ikabakiza Kiingereza sekondari, na miaka miwili baadaye Sera ya Utamaduni ya 1997 ikazungumza kuhusu mpango wa kufundishia kwa Kiswahili katika ngazi zote. Mwaka 2002 ukaanza mradi wa utafiti wa lugha ya kufundishia, LOITASA, ulioziunganisha Tanzania na Afrika Kusini, ambao ulilinganisha madarasa yaliyofundishwa kwa Kiswahili na yale yaliyofundishwa kwa Kiingereza. Sera ya 2014 nayo ikatamka kwamba Kiswahili kitatumika katika ngazi zote za elimu, na papo hapo ikasema kwamba matumizi ya Kiingereza katika kufundishia yataimarishwa katika ngazi zote hizo hizo. Mwanafunzi wa mapitio anapoyasoma haya kwa mfululizo anatakiwa kusimama na kushangaa. Ushahidi kuhusu uwezo wa wanafunzi umelimbikizwa miongo na miongo, na darasa limebaki palepale. Kwa hiyo swali "Je, Kiingereza kinawazuia wanafunzi kuelewa?" limekwisha kujibiwa mara nyingi kuliko inavyohitajika, na swali ambalo bado lina uhai ni kwa nini jibu hilo halijaisogeza sera wala matakwa ya wazazi.

Ukifika hapo, unakutana na kundi jingine la maandiko ambalo ukiongozwa na orodha usingelitafuta. Vavrus (2002), kwa mfano, alifanya kazi ya kiethnografia mkoani Kilimanjaro na kuonyesha kwamba wanafunzi walikitaka Kiingereza kwa sababu za kiuchumi, wakikiona kuwa njia ya kupata nafasi katika dunia iliyokuwa ikibadilika. Mtu wa orodha angemweka Vavrus katika aya yake, baada ya mwingine na kabla ya mwingine. Mtu wa hoja atamweka mahali ambapo mjadala unageuka: wa kwanza walipima kichwa cha mwanafunzi, huyu alisikiliza matumaini yake, na vitu hivyo viwili havipingani hata vikitoa majibu tofauti.

Sasa swali la kwanza. Idadi ya kazi haipangwi. Unaacha kutafuta pale ambapo kazi mpya unazozifungua zinawarejelea watu uliokwisha kuwasoma na hazikuongezei msimamo mpya. Kwa mada nyembamba hilo linaweza kutokea mapema sana. Kwa mada pana kama ya kwako, likichelewa mno, ni dalili kwamba mada yenyewe inahitaji kupunguzwa.

Mwalimu wa Zamu

Ndugu mleta uzi, nakuheshimu, lakini nadhani unawapotosha vijana kidogo. Mimi ni mhadhiri msaidizi, na katika idara yetu mwongozo wa tasnifu unaagiza sura ya pili iwe na sehemu tatu: mapitio ya nadharia, mapitio ya tafiti zilizofanyika, na kiunzi cha dhana, halafu tafiti zipangwe kwa kufuata malengo mahususi moja baada ya jingine. Mwanafunzi akija na "hoja" yake isiyofuata mpangilio huo, kamati haitamwelewa. Wapo pia watahini wanaotaka tafiti zipangwe kuanzia za duniani, zije za Afrika, kisha za Tanzania. Ushauri wako ni mzuri kwa mwandishi aliyekomaa, ila mwanafunzi anahitaji kuhitimu.

Kalamu ya Mkoko (mleta uzi)

Mwalimu mwenzangu, nakubaliana nawe kwamba mwongozo wa idara haupuuzwi, na sijamwambia mtu auvunje. Ninachosema ni kwamba vichwa vya sehemu ni kabati, na kabati halikuambii nguo gani ining'inizwe karibu na ipi. Ndani ya kichwa "Mapitio ya tafiti kuhusu lengo la kwanza" bado mwanafunzi anaweza kuandika aya zinazojengana, au akaandika orodha.

Huo mpangilio wa dunia, Afrika, Tanzania ndio ninaoutilia shaka zaidi, kwa sababu unatenganisha kazi zinazopaswa kukaa pamoja. Chukua mradi wa Ife nchini Nigeria ulioanza mwaka 1970, ambapo watoto walifundishwa kwa Kiyoruba miaka yote sita ya shule ya msingi wakalinganishwa na wenzao waliohamia Kiingereza baada ya mwaka wa tatu. Mradi huo una ukaribu mkubwa na LOITASA: zote mbili ziliweka madarasa mawili, zikabadilisha lugha, zikalinganisha matokeo. Ukiziweka kurasa kumi mbalimbali kwa sababu moja ni ya Nigeria na nyingine ya Tanzania, msomaji hataona kwamba ni swali moja lililoulizwa mara mbili, wala hatapata nafasi ya kujiuliza kama jibu la shule ya msingi linaweza kuhamishiwa sekondari. Mwongozo ukikulazimisha kuzitenga, tenga, lakini utakapofika kwenye ya pili andika sentensi inayoirudia ya kwanza.

Kuhusu nadharia, hapo ndipo penye maumivu zaidi. Wanafunzi wengi wanaitaja nadharia katika kurasa nne, wanataja mwasisi wake, mwaka, ubora wake na udhaifu wake, halafu nadharia hiyo haionekani tena hadi mwisho wa tasnifu. Ukimtaja Cummins, mtaalamu wa elimu ya lugha mbili, na maandishi yake ya mwaka 1979, yanayotofautisha lugha ya mazungumzo ya kawaida na lugha inayohitajika kwa fikra za kitaaluma, basi itumie tofauti hiyo kuzisoma tafiti zako: nani alipima mazungumzo, na nani alipima lugha ya kitaaluma? Huenda ukagundua kwamba waandishi wawili wanaoonekana kupingana walikuwa wanapima vitu viwili tofauti.

Mwalimu wa Zamu

Hoja ya kabati nimeikubali. Ya dunia, Afrika na Tanzania nitaipeleka kwenye kikao cha idara, ingawa sina matumaini makubwa.

Muuguzi wa Usiku

Naomba kuongeza upande wa sayansi za afya, kwa sababu wengine humu wanachanganya vitu viwili. Mnayoyazungumza ni mapitio simulizi, ambayo ni sura ndani ya tasnifu. Sisi mara nyingi tunatakiwa kufanya mapitio ya kimfumo, ambayo ni utafiti kamili unaojitegemea: unaandika swali mapema, unatangaza vigezo vya kuingiza na kutoa kazi kabla ya kuanza, unatafuta katika hifadhidata zilizotajwa kwa majina, watu wawili wanachuja kila mmoja peke yake, na kila kazi iliyotolewa inahesabiwa pamoja na sababu ya kutolewa. Mwongozo wa kuripoti unaoitwa PRISMA ulichapishwa 2009 na kuboreshwa 2020, una vipengele 27 na mchoro unaoonyesha kazi ngapi ziliingia na ngapi zilidondoka katika kila hatua. Nawaomba wanafunzi wasiandike neno "kimfumo" kwenye kichwa cha kazi kwa sababu tu lina heshima. Mtahini anayeujua mfumo huo atauliza mchoro uko wapi.

Kalamu ya Mkoko (mleta uzi)

Ahsante sana, Muuguzi. Hata mwandishi wa mapitio simulizi ana la kuazima hapo: aya fupi inayosema alitafuta wapi, kwa maneno gani, kuanzia mwaka gani, na kwa nini aliacha baadhi ya kazi. Inamlinda siku ya utetezi.

Nije sasa kwenye kutafuta, kusoma na kunukuu, maana maswali ya faraghani yamekuwa mengi.

Mada za kwetu zina tabu ya pekee: maandiko yake yamegawanyika katika lugha mbili na katika zama mbili. Ukiandika "lugha ya kufundishia" kwenye mtandao utapata kundi moja. Ukiandika "lugha ya kujifunzia" utapata jingine. Na ukitafuta kwa Kiingereza, waliotumia neno "medium" watakukwepa endapo utatafuta kwa "language" peke yake. Fanya utafutaji mara kadhaa kwa maneno tofauti na uandike kila neno ulilotumia. Google Scholar inasaidia kuanza, na kitufe chake cha kuonyesha nani amemnukuu nani ndicho chenye thamani kuliko vyote, kwa sababu kinakupeleka mbele kutoka kazi ya zamani hadi kwa walioijibu. AJOL, hifadhi ya majarida ya mtandaoni, ina majarida mengi ya Afrika ambayo mitambo mikubwa huyapita. Kwa maandishi ya Kiswahili, msisahau majarida ya TATAKI, Taasisi ya Taaluma za Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, yaani Kiswahili na Mulika, pamoja na Swahili Forum ya Ujerumani ambayo inasomwa bure mtandaoni.

Ila nyaraka nyingi za miaka ya 1970 na 1980, zikiwemo ripoti za tume na machapisho ya BAKITA, hutazipata kwa simu. Zinahitaji nauli. Sehemu ya East Africana katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam imewaokoa watafiti wengi, na siku mbili za kukaa pale na daftari zina faida kuliko mwezi wa kupakua mafaili.

Hilo linanileta kwenye dhambi ninayoichukia, ya kunukuu kazi ambayo hujaishika. Criper na Dodd wamenukuliwa mno, na wengi wa wanaowanukuu wamewapata kwa mwandishi mwingine, ambaye naye alimpata kwa mwingine. Matokeo yake ni kwamba namba zinahama. Ripoti ile ina kauli kuhusu wanafunzi wa kidato cha nne niliyoitaja, na ina kauli tofauti kuhusu wanafunzi wa chuo kikuu, kwamba chini ya asilimia 20 ya waliopimwa wangeweza kusoma kwa wepesi hata vitabu rahisi vya masomo yao. Ni rahisi mno kwa mtu wa tatu kuzichanganya namba hizo mbili. Vivyo hivyo, kauli ya Mwalimu Nyerere kwamba Kiingereza ni Kiswahili cha dunia hupita kutoka tasnifu hadi tasnifu bila mtu kusema ilitamkwa wapi na mbele ya nani. Kama huwezi kuifikia kazi ya asili, andika waziwazi kwamba umeipata kupitia kwa fulani. Si aibu, aibu ni kuiweka kwenye marejeleo kana kwamba uliisoma.

Kwa sababu hiyo hiyo, kuweni macho na programu za akili mnemba. Zinaweza kukusaidia kupata maneno ya kutafutia au kukufafanulia aya ngumu, lakini zina tabia ya kuunda marejeleo yanayofanana na ya kweli: jina la mwandishi halisi, jarida halisi, na makala ambayo haijawahi kuandikwa. Rejeo lolote ambalo hujalifungua mwenyewe lisiingie kwenye kazi yako.

Kuhusu kusoma, mimi hutengeneza jedwali. Kila kazi ina mstari wake, na safu ni hizi: swali la mwandishi, alikotafuta jibu, alivyotafuta, alichokikuta, alichokipendekeza, na safu ya mwisho ambayo naipa nafasi kubwa, niliyoiita "anajibizana na nani". Nimetenganisha alichokikuta na alichokipendekeza kwa makusudi, kwa sababu ya somo lile la 1984. Jedwali likijaa, silisomi tena kwa mistari, nalisoma kwa safu, kutoka juu hadi chini. Usomaji wa mistari ndio unaozaa orodha, na ule wa safu ndio unaozaa aya. Programu ya Zotero, ambayo ni ya bure, inatunza marejeleo na maelezo yako vizuri, ingawa jedwali lenyewe hata karatasi ya manila inatosha.

Mhariri wa Tanga

Mleta uzi, umegusa mengi ila umesahau vitenzi, na mimi riziki yangu inatoka humo. Kiswahili kina hazina ya vitenzi vya kuripoti, na kila kimoja kinatoa hukumu bila mwandishi kujua. Ukiandika kwamba mtafiti "anadai", umekwisha kumtilia shaka. Ukiandika "anabainisha", umemkubali. "Anathibitisha" ni neno zito ambalo tafiti chache zinalistahili, na kila wiki nalikuta limepachikwa kwa mtu aliyewahoji walimu wanane. Yapo pia "anapendekeza", "anahoji", "anakiri", "anasisitiza", "anakanusha", na kila moja lina mahali pake. Mwanafunzi anayeandika "anasema" mara mia moja amekwepa kutoa hukumu, na anayebadilisha vitenzi ili kupamba tu ametoa hukumu asizozikusudia.

Jingine ni njeo, yaani wakati unaoonyeshwa na kitenzi. Mimi hushauri "-li-" kwa alichokifanya mtafiti na "-na-" kwa hoja ambayo bado inasimama: "Mwandishi alipima madarasa mawili, anahoji kwamba tofauti inatokana na lugha." Si sheria ya dini, lakini humsaidia msomaji kutenganisha tukio na hoja.

Kalamu ya Mkoko (mleta uzi)

Umenena, Mhariri. Hilo la "anathibitisha" ningependa libandikwe kwenye milango ya kumbi za semina.

Binti Lushoto

Mwalimu, nimerudi baada ya wiki mbili. Nilifanya jedwali, nikalisoma kwa safu kama ulivyosema, na jambo moja lilinijia ambalo sikulitarajia. Karibu kila niliyemsoma anaujadili ushindani wa lugha mbili, Kiswahili na Kiingereza, na Kiswahili kinachukuliwa kuwa ndiyo lugha ambayo mtoto anaielewa. Lakini huku kwetu milimani watoto wengi wanakua na Kisambaa nyumbani, na Kiswahili wanakutana nacho kwa nguvu shuleni. Kwa hiyo nimebadilisha swali langu, na aya ya pengo nimeiandika hivi:

"Mjadala wa lugha ya kufundishia sekondari umejengwa juu ya dhana kwamba Kiswahili ni lugha ambayo mwanafunzi wa Kitanzania anaimudu bila tatizo. Tafiti zilizolinganisha madarasa ya Kiswahili na ya Kiingereza zimeonyesha faida ya Kiswahili, lakini hazikutenganisha wanafunzi ambao Kiswahili ni lugha yao ya kwanza na wale ambao ni ya pili. Hakuna mtafiti yeyote aliyewahi kuchunguza nafasi ya lugha za jamii katika elimu ya Tanzania. Utafiti huu unakusudia kuchunguza jinsi wanafunzi wanaozungumza Kisambaa nyumbani wanavyozitumia lugha zote tatu katika kuelewa somo la baiolojia."

Nimekosea wapi safari hii?

Kalamu ya Mkoko (mleta uzi)

Safari hii Lushoto imepata sababu ya kuwemo, maana sasa ni mahali penye kitu ambacho maandiko yalikiruka. Sentensi ya kwanza ni nzuri, japo ningependa useme ni maandiko yapi yanayoibeba dhana hiyo, kwa majina, ili mtahini asidhani umewasingizia wote. Ya pili uihakiki upya kwenye kila kazi uliyoilinganisha, ukiwa na ukurasa mkononi, kwa sababu unaposema "hazikutenganisha" unamshutumu mtu.

Tatizo liko katika sentensi ya tatu. "Hakuna yeyote aliyewahi" ni maneno ya mtu aliyesoma maandiko yote ya dunia, nawe hujayasoma, wala mimi sijayasoma. Na hapa si kweli: Wedin, katika tasnifu yake ya uzamivu ya mwaka 2004, alichunguza kusoma na kuandika katika shule za msingi wilayani Karagwe, ambako watoto wanazungumza Kinyambo nyumbani na wanafundishwa kwa Kiswahili. Usiogope kwamba amekuchukulia mada. Amekupa mtu wa kujibizana naye, kwa sababu yeye alisimama shule ya msingi, palipo na lugha mbili, na wewe unaanzia sekondari, inapoingia ya tatu. Msome, mpe mstari wake kwenye jedwali, kisha ifute sentensi hiyo na uandike nyingine inayoanza na jina lake.

Binti Lushoto

Nimeipata tasnifu yenyewe leo asubuhi. Nitaleta aya mpya Jumatatu, In shaa Allah.